Ufa katika Kasha la Mashine ya Boti: Maswali Matatu kwa Fundi



Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Usia huo ni wa kweli, lakini ufa wa kasha la mashine ya boti si ufa wa ukuta wa udongo. Ukizibwa vibaya, mwenye chombo hulipa mara mbili: kwanza kwa fundi, kisha baharini, pale mashine inapozimika mbali na pwani. Ndiyo maana nataka leo tuzungumzie maswali matatu ambayo mteja anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa fedha yake.

Makasha haya hutengenezwa kwa aluminiamu ya kusubu, kwa kuwa ni nyepesi. Hata hivyo, aluminiamu ya namna hiyo haipindiki sana. Ikigonga mwamba, hupasuka.

Swali la kwanza: ufa uko wapi, na sehemu hiyo ina kazi gani? Ufa mdogo kwenye ukuta wa njia ya maji ya kupozea, pasipo na mzigo, waweza kuzibwa kwa gundi ya epoksi ya metali, mradi mahali hapo pasafishwe na kukwaruzwa vizuri. Lakini ufa unaopita kwenye kikalio cha beringi, au mahali mashine inapofungwa kwenye tezi, ni jambo jingine. Gundi haitaustahimili mzigo huo, na joto la kuchomelea laweza kulipinda kasha. Beringi isiyokaa sawa huharibu gia. Hapo kununua kasha jingine, hata lililotumika lakini zima, mara nyingi ndiyo nafuu ya kweli.

Swali la pili: kazi itafanywaje? Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, ilhali utando wa oksidi unaoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Tena haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kifanyavyo, hivyo fundi asiyeizoea hushtukia kasha limebonyea mbele yake. Njia inayoaminika ni kuchomelea kwa umeme chini ya gesi ya agoni, kwa waya wa aluminiamu yenye silikoni. Kabla ya hapo, fundi mzoefu hulifungua kasha na kutoa gia na sili zote. Hutoboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, huuchimba ufa kwa umbo la V, huondoa mafuta na chumvi, kisha hulipasha kasha joto taratibu. Mafuta yakibaki, hugeuka gesi, na mshono hujaa vitundu. Fundi anayetaka kuchomelea kasha likiwa limefungwa na lina mafuta ndani, usimkabidhi mashine yako.

Swali la tatu: tutathibitishaje kwamba kasha limepona? Rangi mpya si uthibitisho. Huweza hata kuuficha ufa. Kasha likishafungwa kwa sili mpya, lijazwe upepo kwa kiasi kilichotajwa katika kitabu cha mtengenezaji, kisha lizamishwe majini. Mapovu yakitoka, kazi haijaisha. Baada ya saa chache za kwanza za safari, karibu na pwani, kagua mafuta ya gia: yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Majibu ya maswali hayo yaandikwe. Karatasi moja yatosha: aina ya kazi, bei, vipuri vitakavyobadilishwa na muda wa dhamana. Dai risiti, na omba urudishiwe vipuri vya zamani. Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha; lakini mlaji asiye na maandishi hupata taabu kuthibitisha alichoahidiwa.

Fundi mwema hatachukizwa na maswali haya, kwa maana yanamlinda yeye pia dhidi ya lawama isiyo yake. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu. Kumbukeni kwamba watakaopanda chombo hicho ni wenzenu na watoto wenu, nao hawakuwapo wakati bei ikipatanwa.