Hewa ya Alfajiri Korogwe na Handeni

Ardhi tunayoikanyaga Handeni na Korogwe hutoa gesi ya mionzi asilia iitwayo radoni. Haina rangi wala harufu. Huzaliwa ndani ya miamba na udongo wenye urani, na kila siku 3.8 hivi nusu yake hutoweka kwa kugeuka kuwa elementi nyingine. Ndiyo maana wanasayansi wanaipenda kwa kufuatilia mwendo wa hewa: husafiri na hewa, lakini haikai muda mrefu.

Usiku mtulivu ardhi hupoa, na hewa baridi huteremka na kulala bondeni, kama bonde la Mto Pangani pale Korogwe, chini ya Usambara. Radoni hurundikana karibu na ardhi mpaka alfajiri. Jua likipanda, hewa yenye joto huinuka, radoni hutawanyika, na kipimo hushuka. Upepo wa Bahari ya Hindi nao huja na radoni kidogo, kwa kuwa bahari hutoa kidogo mno kuliko nchi kavu.

Kuna pia kifuatiliaji kingine cha hewa, elementi ya mionzi iitwayo berili-7, inayoundwa angani juu na miale itokayo anga za mbali. Ikizidi huku chini, huashiria hewa ya juu imeshuka. Dar es Salaam kuna kituo, RN64, cha mtandao wa kimataifa unaofuatilia majaribio ya nyuklia. Huchuja hewa na kupima chembe za namna hiyo.

Ndugu msikilizaji, hewa inayozuia radoni usiku huzuia na moshi. Tafadhali, usichome takataka jioni wala alfajiri karibu na nyumba wanamolala watoto.