Malaria na Ini: Manjano ya Macho Hayatibiwi kwa Hirizi

(Mawaidha yaliyotolewa Mwamgongo, mkoani Kigoma, baada ya swala ya Alasiri)



Baada ya kumhimidi Allah na kumtakia rehema Mtume Wake, leo tunazungumzia maradhi yaliyozoeleka hata yakadharauliwa. Mwanafunzi wetu mmoja alisinzia juu ya juzuu yake siku mbili, nasi tukamkaripia kwa uvivu. Siku ya tatu macho yake yalikuwa ya manjano. Jirani akaleta hirizi. Alhamdulillahi, mama yake akatafuta boti.

Manjano yale yalitoka wapi? Vimelea vya malaria vikitemwa na mbu hukimbilia kwanza katika ini, vikazaliana humo kwa muda wa wiki moja hivi, na mtu hahisi lolote. Maficho hayo kwa binadamu yalibainishwa mwaka 1948 na Shortt na Garnham, Waingereza. Huyo Garnham alikuwa tabibu wa miaka mingi hapo jirani, Kenya. Vikitoka katika ini huingia chembe nyekundu za damu na kula wekundu wake, ambao una madini ya chuma. Chuma hicho kikiachiwa huru hukutana na oksijeni, zikazaliwa sumu kali zinazotafuna kuta za chembe kama kutu itafunavyo nanga. Wataalamu huuita mkazo wa oksidesheni. Chembe hupasuka kwa wingi, ini likaelemewa na taka zake za manjano, na lenyewe likajeruhiwa. Hapo ndipo macho hugeuka rangi.

Ajabu ya dawa mseto, iliyoanza kutumika Tanzania mwishoni mwa 2006, ni kuwa atemisinini iliyomo huamshwa na chuma kile kile, ikamuunguza kimelea kwa moto aliouwasha mwenyewe. Lakini moto huo hauchukui muda kuzimika. Kwa hiyo dozi ni mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta, na mawese hatuyakosi. Aachaye siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka amewabakisha maadui. Wala asizidishe parasetamo, kwani ikipita kiasi nayo hudhuru ini.

Mgonjwa wa malaria aliyegeuka macho huhesabiwa kuwa katika hatari: ni wa sindano hospitalini, si wa vidonge nyumbani. Kutafuta tiba hakupingani na kutawakali. Nasi barabara yetu ni ziwa. Anayengoja manjano yakolee huenda akakuta limechafuka.

Mwanafunzi yule amerudi darasani. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake.