Shauri Lataka Watu Wawili

Hotuba ya katekista mbele ya walimu na wazazi, siku ya Jubilei



Nimeagizwa kunena nanyi habari za shule zetu, nami nimechagua jambo moja tu: habari za wazee waliokwisha kustaafu, ambao hujitolea kwenda nchi za mbali kuwa washauri wa walimu na walezi wa vijana. Wengine wamekwisha kufika kwetu, na wengine watakuja. Basi yafaa tujue ni watu gani, tena tuwapokee namna gani, ili kuja kwao kuwe faida.

Kwanza mjue ya kuwa kazi hii ina utaratibu wake. Katika nchi ya Uholanzi chama kiitwacho PUM kilianzishwa mwaka 1978. Wajerumani nao wana chama chao, Senior Experten Service, katika mji wa Bonn, tangu mwaka 1983. Humo wameandikwa wataalamu zaidi ya 10,000: walimu, mafundi, waganga, wahandisi, na wengi wao wamekwisha kumaliza kazi yao ya maisha. Mzee wa namna hii haendi apendako. Sharti kwanza aitwe. Shule au karakana huandika ombi, ikieleza ni jambo gani lililoishinda. Ndipo hutafutwa mtu alijuaye jambo lile. Hapewi mshahara. Mwenyeji, kwa desturi, humpa malazi na chakula. Hukaa majuma machache, wala hapitishi miezi sita, kisha hurudi kwao.

Tena msidhani kwamba uzee ni kizuizi. Mwaka 1966 mama mmoja Mmarekani, Lillian Carter, aliyekuwa muuguzi, alijiunga na kikosi cha Peace Corps akiwa na umri wa miaka 68. Akapelekwa Uhindi, akatumika Vikhroli, karibu na Bombay, mpaka mwaka 1968. Miaka ile mwanawe Jimmy hakuwa bado Rais wa Marekani. Alipata urais mwaka 1977. Basi, mtu aweza kuwa na mvi na bado akawa na safari mbele yake.

Walakini mshauri si mtawala. Hawezi kuamuru, kwa kuwa shule si yake. Wala hafai kufanya kazi yote kwa mikono yake, kwa kuwa siku zake ni chache. Kazi yake ni kumsaidia mwingine aweze. Na hapo ndipo penye shida, maana shauri lataka watu wawili: mmoja asemaye, na mwingine ajibuye kweli. Sasa nitawaambieni kosa langu mwenyewe.

Zamani nilipokuwa kijana katika kazi hii, alikuja mzee mmoja wa Ulaya, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, akakaa majuma matano awasaidie walimu wa shule moja. Nami niliwekwa kuwa mkalimani wake, kwa kuwa nalijua Kiingereza kidogo. Mzee huyu alikuwa mpole, tena mwenye bidii. Akawaonyesha walimu namna ya kufundisha hesabu za sehemu kwa karatasi za rangi: karatasi ikunjwe mara moja, ndiyo nusu, ikunjwe tena, ndiyo robo, kila mtoto na karatasi yake mkononi.

Siku ya pili mwalimu mmoja akaniambia kwa Kiswahili, "Mwulize, karatasi za watoto tisini zitatoka wapi kila juma?" Mzee akanitazama, akingoja nimfasirie. Nami nikaona haya kumvunja moyo mgeni, nikamwambia, "Anasema ahsante, somo ni zuri." Mzee akafurahi, akaendelea. Na majuma yote matano walimu wakaitikia, "Ndiyo, Mzee," nami nikafasiri hivyo hivyo. Siku ya kuagana tulimwimbia nyimbo, tukampa mkeka mzuri. Karatasi zilizobaki zikatiwa kabatini, kabati likafungwa, na mchwa wakazila.

Miezi ikapita, akaniandikia barua, akiuliza kama watoto sasa waelewa sehemu. Nikakaa na barua ile siku nyingi. Mwisho nikamjibu kweli yote, hata neno lile nililolificha. Akanijibu pasipo hasira, lakini maneno yake yalinichoma. Alisema kwamba angaliambiwa siku ile ya pili, yeye na walimu wangalitafuta njia nyingine pamoja. Lakini sasa afya yake imedhoofika, hawezi kurudi tena.

Nikaichukua barua ile kwa mwalimu wetu mmoja mstaafu, aliyekaa hatua mia mbili tu kutoka shuleni. Nilipokwisha kumsomea, akacheka, akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani. Akaikunja sawasawa mbele ya macho yangu: nusu, robo, thumni. Akasema, "Kwa kamba hii nimefundisha sehemu miaka thelathini. Kila mtoto husokota ya kwake." Nikamwuliza, "Mbona hukutuambia, Mwalimu?" Akajibu, "Nani aliniuliza?"

Ndugu zangu, neno lile halijanitoka mpaka leo. Tulikuwa na wazee wawili, mmoja wa mbali na mmoja wa jirani, na kila mmoja alikuwa na kitu mkononi. Yule wa mbali tulimheshimu mpaka tukamficha kweli. Yule wa jirani tulimzoea mpaka tukamsahau. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mgonjwa aliyemficha mganga ugonjwa wake ataponaje?

Hata Wajerumani wale hawakuridhika kuwatuma wazee ng'ambo tu. Mwaka 2008 chama chao cha Bonn kilianza kazi nyingine kwao nyumbani: mzee mmoja hupewa kijana mmoja ajifunzaye kazi, ambaye karibu ataacha mafunzo yake kwa shida alizo nazo. Mzee hukutana naye, humsikiliza, humsaidia katika masomo, humtia moyo mpaka amalize. Basi ikiwa wao wamewakumbuka wazee wao kwa ajili ya vijana wao, na sisi je?

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu katika mwaka huu wa Jubilei. La kwanza, shule itakapotaka mshauri, ombi na liandikwe na walimu wenyewe, wakitaja hesabu ya watoto, na vitabu vilivyopo, na vilivyokosekana, wasifiche kitu. La pili, kila mgeni ajaye apewe mwenzake wa hapa, mwalimu mstaafu, akae naye darasani siku zote. Maana mgeni atakwenda zake, bali huyu atabaki, na walimu wataweza kumwendea. La tatu, mkalimani asiwe na haya kama mimi. Adabu si kumnyima mgeni habari aliyoisafiria.

Nanyi wazee wetu mliostaafu, mlioketi hapa mbele, msidhani kwamba kazi imekwisha siku mlipopokea kiinua mgongo. Na ninyi walimu vijana, msingoje wazee waje. Leo, kabla ya kwenda karamuni, kila mmoja wenu amwendee mzee mmoja, amwulize swali moja juu ya jambo linalomshinda darasani, kisha amsikilize mpaka mwisho.

Mimi yule mwalimu wa kamba nilimwuliza nikiwa nimechelewa, hata hivyo alinijibu. Alipofariki kamba yake iliachwa kwangu, nami nimekuja nayo leo. Yeyote atakaye kuiona, na anijie.