Deni la Matrekta Nchini Zimbabwe

Mwaka 2007 Benki Kuu ya Zimbabwe ilianzisha mpango wa kuwapatia wakulima matrekta, mashine za kuvunia nafaka na majenereta. Vifaa hivyo vilitolewa kwa mkopo, na mkopo hulipwa. Lakini mwaka 2015 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoitwisha Serikali madeni ya Benki Kuu, yapatayo dola za Marekani bilioni 1.35, yakiwamo yaliyotokana na mpango huo.

Ni akina nani waliokopeshwa? Wananchi hawakuambiwa, mpaka Julai 2020, mwanasheria Alex Magaisa alipoichapisha orodha. Ndani yake, pamoja na mawaziri na majaji, yalikuwamo majina ya wabunge.

Kesi ya ngedere, basi, hakimu alikuwa nyani. Hatusemi kwamba kila mbunge alipiga kura kwa ajili ya tumbo lake. Tunasema kwamba mdaiwa hana haki ya kuamua juu ya deni lake mwenyewe, tena kimya kimya. Mkulima mdogo, aliyeambulia jembe la kukokotwa na ng'ombe au asipate kitu, ndiye aliyeachiwa kuyalipia matrekta hayo kwa kodi yake.