Kumtafuta adui bila kumgeuza jirani kuwa adui

Maneno yaliyosemwa Kasindi mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa



Hakuna hapa anayehitaji kufundishwa ugaidi ni nini. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa mashambani na majumbani. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani hapa Kasindi watu wakiwa katika ibada, na zaidi ya kumi wakafa. Mwezi wa Juni mwaka huo, ng'ambo ya mpaka, wanafunzi waliuawa katika shule yao Mpondwe. Kwa hiyo tusidanganyane: serikali ina wajibu wa kutulinda, na kazi hiyo inahitaji nguvu.

Ndiyo sababu iliyotolewa wakati Rais Tshisekedi alipotangaza état de siège katika Kivu Kaskazini na Ituri, ikaanza tarehe 6 Mei 2021. Wanajeshi na polisi walichukua nafasi za viongozi wa kiraia. Raia walioshitakiwa kwa makosa ya jinai walipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Wakuu wapya walipewa uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku, na wa kukataza mikutano. Katiba inasema hali hiyo ni ya siku 30, kisha bunge laweza kuiongeza kwa siku 15. Iliongezwa tena na tena, hata jambo la mwezi mmoja likawa la miaka. Oktoba 2023 Rais alitangaza kwamba itapunguzwa hatua kwa hatua.

Wengi mnatuuliza: je, wakati huo haki zetu zote zimefutwa? Hapana. Kifungu cha 61 cha Katiba kinataja haki zisizoguswa hata katika état de siège: haki ya kuishi, haki ya kutoteswa, haki ya kujitetea na kukata rufaa, uhuru wa mawazo na wa dini. Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana na familia yake au wakili wake. Asikae kasho zaidi ya saa 48: aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria.

Kuna pia kifungu cha 17. Methali yasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katiba yetu haikubali hivyo. Kosa ni la mtu mwenyewe. Mke, ndugu au kijiji kizima hakikamatwi kwa tendo la mmoja. Neno hili linawahusu sana ninyi mliohama. Mtu anayekimbia usiku huacha kadi yake ya mpiga kura ndani ya nyumba inayoungua. Akifika mtaani bila karatasi, haraka anaitwa mtu wa ADF. Ndugu Waislamu nao hutazamwa vibaya, ingawa tarehe 1 Mei 2021 imamu Ali Amini, aliyekuwa akikemea ukatili huo, alipigwa risasi msikitini mjini Beni akiwa katika sala.

Tumeona pia sheria ya vita ikiwafikia wasio na silaha. Novemba 2021 vijana wa LUCHA walikamatwa Beni kwa kuandamana kupinga kuongezwa kwa état de siège. Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha miezi 12. Bomu na bango si kitu kimoja.

Wengine watasema: tungoje amani kwanza, haki zitafuata. Lakini askari hajui kila njia ya shamba. Anayeona nyayo ngeni ni mama anayetoka kuchuma kakao. Kama aliyetoa habari jana alifungwa yeye mwenyewe, au akaombwa pesa ili atoke, mama huyo atanyamaza. Na ukimya wake ndio unaompa adui nafasi ya kupita. Kwa hiyo kulinda haki ya mtu mmoja ni kulinda mtaa mzima.

Basi ninawaomba mambo haya.

Wakubwa wa mitaa na wa nyumba kumi: pokeeni wageni, andikeni majina yao, na toeni habari za hatari bila kuchelewa. Lakini semeni mlichokiona, msiseme mlichokisikia kwa mwenye deni au mgomvi wa shamba. Kumpiga na kumfungia mtu si kazi yenu.

Familia: mtu wenu akikamatwa, andikeni saa, mahali na nani alimchukua. Nendeni wawili au watatu kumwuliza, kwa heshima. Saa 48 zikipita, mwendeeni mwendesha mashitaka, wakili, au watu wa haki za binadamu. Akihukumiwa, kumbukeni rufaa: Katiba inasema hata mahakama ya kijeshi haiwezi kuifuta.

Vijana: msimchome wala kumpiga mawe anayeshukiwa. Aliyekufa hawezi kueleza alitumwa na nani, na kama hakuwa na kosa, hakuna rufaa itakayomrudisha.

Sasa tuanze na maswali yenu.