Kuku wa Sokoni: Baina ya Uzembe na Wasiwasi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, aghalabu inapotajwa haramu katika chakula, fikra zetu hukimbilia nguruwe. Lakini katika aya ya 3 ya Suratul Maidah, Allah (S.W.) ametanguliza nyamafu, yaani kibudu, kisha damu, ndipo akataja nguruwe. Na kibudu ndicho kinachoweza kuingia majumbani mwetu pasi na sisi kutanabahi.

Tuyaangalie masoko yetu ya kuku. Wateja ni wengi na kila mmoja ana haraka. Mchinjaji hupitisha kisu mara moja, na kuku angali akitapatapa hutumbukizwa katika maji ya moto ili anyonyolewe. Je, kilichomuua ni kisu au ni maji?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea katika mwambao wetu, ni lazima njia ya pumzi na njia ya chakula zikatwe zote mbili kikamilifu. Na kukata mishipa miwili ya damu ya shingoni ni sunna. Hayo yakitimia, kumtia kuku majini kabla roho haijatoka ni jambo linalochukiza, kwani ni kumtesa kiumbe, lakini nyama yake haiharamiki. Ama ikiwa kisu hakikukamilisha kazi yake, na maji ndiyo yaliyoitoa roho, huyo ni kibudu, hata kama Bismillahi imetamkwa kwa sauti ya juu.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyopokewa na Imamu Muslim, ametuamrisha wema hata katika kuchinja: kisu kinolewe, na mnyama apumzishwe.

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Imepokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba watu waliosilimu karibuni walikuwa wakileta nyama, na haikujulikana kama walilitaja jina la Allah. Mtume (S.A.W.) hakuamrisha itupwe, aliwaelekeza waulizaji walitaje jina la Allah wao wenyewe, kisha wale. Basi anayenunua kwa Muislamu bila kuona kasoro halazimiki kupeleleza, wala si halali kwake kumtuhumu nduguye kwa dhana. Ama aliyeona kwa macho yake, haimfai kunyamaza.

Dawa ya jambo hili ni elimu. Kila msikiti ulio jirani na soko uwakusanye wachinjaji kwa darsa moja, kwa upole, wafundishwe mahali pa kukata na kungoja kuku atulie kabisa. Nasi wanunuzi tuwe na subira ya dakika chache, kwani anayemharakisha mchinjaji ni mshirika wake katika kosa.

Tunamuomba Allah atulishe vilivyo halali na vizuri, na azitakabali dua zetu. Wabillahi tawfiq.