Kompyuta Zinapogawana Mafaili



Kidato cha Tano wameniuliza: kwa nini kompyuta za shule zisigawane vitabu zenyewe kwa zenyewe, bila kutegemea seva moja? Swali ni zuri, nami nitalijibu kwa kadiri niwezavyo.

Napster ilianza Marekani mwaka 1999. Nyimbo zilikaa katika kompyuta za watumiaji, lakini orodha ya nani ana nini ilikaa kwenye seva za kampuni. Mahakama ilipoibana kampuni hiyo, huduma ikazimwa mwaka 2001. Nyimbo zilibaki salama majumbani mwa watu, ila hapakuwa tena na njia ya kuzitafuta.

Mwaka huohuo Bram Cohen alitoa BitTorrent. Humo faili hukatwa vipande, na anayepokea kipande humgawia mwenzake. Kila kipande kina alama yake, yaani tarakimu zinazokokotolewa kutoka kwenye kipande chenyewe. Kikibadilishwa hata herufi moja alama hazilingani. Kompyuta hukitupa na kuomba kwa mwingine. Basi mmoja akizima mashine, au akiwa mwongo, kazi huendelea, mradi kila kipande kipo kwa mtu mmoja angalau.

Lakini sikilizeni hapa. Alama husema kwamba faili ni ileile aliyoiweka mwenyewe. Haisemi huyo mwenyewe ni nani, wala ana nia gani. Mimi nilijifunza kwa aibu. Niliwahi kuchukua programu ya hesabu kwa njia hii, nikaiweka katika kompyuta ya ofisi. Vipande vyote vililingana, na ndani mlikuwa na virusi. Hesabu za miezi mitatu zilipotea, tukazirudia kwa mkono kutoka kwenye hati za malipo. (Mhasibu wetu hajanisamehe mpaka leo.) Wala msitegemee wingi wa wanaoisifu faili: John Douceur alionyesha mwaka 2002 kwamba pasipo wa kuthibitisha utambulisho, mtu mmoja aweza kujifanya wengi.

Kwa hiyo gawaneni, lakini alama za vitabu azitoe mwalimu wa maktaba, kwa vitabu tulivyoruhusiwa tu, azibandike mlangoni. Ziwe za SHA-256. Ile ya SHA-1 ilivunjwa mwaka 2017. Na likizoni ibaki kompyuta moja isiyozimwa, yenye vitabu vyote. Umeme wake tutachangia sisi tuliokwisha kumaliza.